Udongo mweusi wa Kinangop na mboga zinazodumaa

Swali la msomaji: "Asalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na sasa ni mwaka wa pili nafundisha Kinangop Kusini. Nyuma ya nyumba ninayopanga nina kipande cha futi 20 kwa 30. Udongo wake ni mweusi ti, laini mkononi. Bibi yangu, aliyenifunza kupanda mchicha na bamia uani kwa samadi ya punda, alikuwa akiniambia udongo ukiwa mweusi hauombi kitu. Huu wa hapa unaomba kila siku. Bamia hazikuota kabisa. Mchicha ulitoka, ukabaki kimo cha kidole miezi miwili. Kabichi na sukumawiki zinaishi, lakini majani ya chini yamegeuka zambarau na kabichi hazifungi. Nimetia samadi ya ng'ombe, nimerusha mbolea ya dukani ya DAP mara tatu, nimefunika kwa nyasi kavu kama tulivyokuwa tukifanya nyumbani. Mjomba ataka kuniletea magunia ya mchanga na chokaa ya Lamu. Je, nikubali? Na udongo huu una nini?"

Jibu:

Waaleikum salaam, mwanangu.

Mchanga usikubali. Mshukuru mjomba wako, lakini mtanga wa Lamu na ubaki Lamu. Chokaa nitaifikia, kwa sababu hapo mjomba amekaribia jambo la kweli. Kuhusu udongo wako, sioni dalili kwamba ni maskini. Una baridi, na karibu kila uliloniandikia linatokana na baridi hiyo, au na mvua na majivu ya volkano yaliyouumba.

Nakujibu kwa urefu kwa sababu nami ni mtoto wa pwani, wa hapa Malindi, na nilipopelekwa kazini Molo, kule juu kwenye baridi, nikiwa kijana, siku ya kwanza nilichota konzi ya udongo mweusi, nikaunusa, nikajiambia hapa mkulima hana shida. Misimu miwili ilipita kabla sijaelewa kwamba nilikuwa naupima udongo wa baridi kwa mizani ya udongo wa joto. Ndivyo unavyofanya wewe sasa, na bibi yako hana kosa lolote. Alichokwambia ni kweli tupu, pale alipokisema.

Fikiria uani kwenu Lamu. Udongo wenu asili yake ni mchanga na matumbawe yaliyosagika. Ni mweupe, na mweupe utabaki mtu asipoulisha. Joto letu la pwani, wastani wa kama nyuzi 27 mwaka mzima, linavifanya vijidudu vya udongo, yaani bakteria na kuvu wasioonekana kwa macho, vile kila kinachofukiwa bila kupumzika. Samadi ya mbuzi niliyoifukia hapa kwangu mwanzo wa masika, kufikia Agosti siioni tena. Kwa hiyo ukikuta kipande cheusi Lamu, ujue kuna mkono unaorudisha kila msimu, na chakula kimo njiani kwenda kwenye mizizi wakati huo huo. Weusi ule ni wa chungu kilichoko motoni.

Kinangop uko kwenye mita 2,500 hivi juu ya bahari. Joto hupungua kama nyuzi 5 hadi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na huko wastani wake ni kama nyuzi 14. Kazi ya vijidudu huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto, na hupungua vivyo hivyo joto likishuka. Linganisha 27 na 14: samadi iliyohitaji mwezi kuoza Lamu itahitaji miezi miwili na nusu hivi Kinangop, na wale bakteria wanaotengeneza naitreti, chakula ambacho mboga za majani hukitaka kuliko vingine, huzorota zaidi ya hapo usiku wa baridi. Majani, mizizi na nyasi za mamia ya miaka zimelundikana huko kwa sababu hakukuwa na joto la kuzimaliza. Weusi wa Kinangop ni wa ghala lililofungwa. Kwetu husemwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Huu wako ni mkakasi wenye mali ndani kweli, ila kifuniko chake kigumu.

Na kuna kitu kingine kilichokifunga kifuniko hicho, nacho ndicho kilichoyapaka majani yako zambarau. Safu ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua, ni milima ya volkano ya zamani. Ardhi nyingi zinazozunguka milima ya namna hiyo zimetokana na majivu yake, na wataalamu huziita andosoli, jina lililotoka Kijapani, lenye maana ya udongo mweusi. Utaujua kwa mkono: ni mwepesi, umejaa hewa kama unga uliochekechwa, na ukiufinya ukiwa na unyevu huteleza kama una mafuta. Ndani yake mna alumini na chuma vya aina inayokamata fosforasi na kuikatalia mizizi. Fosforasi ndiyo inayojenga mizizi na kusafirisha nguvu ndani ya mmea. Mmea ukiikosa, sukari hukwama majanini, na jani hugeuka zambarau kuanzia chini, kwa sababu mmea huinyang'anya kutoka jani kuukuu na kuipeleka kwenye jani changa. Baridi huzidisha, maana mzizi wenye baridi hukua polepole, na fosforasi haiufuati mzizi, ni mzizi unaoifuata fosforasi.

Sasa unaona DAP yako ilikokwenda. Uliposema "nimerusha" nilisikitika kidogo. Ukiirusha juu ya ardhi ya namna hiyo na kuichanganya kote, kila punje inakutana na udongo wenye njaa kabla haijakutana na mzizi, na udongo unaimeza. DAP ina fosforasi nyingi, lakini huko haina budi kuwekwa shimoni, karibu na mzizi, pamoja na samadi iliyoiva. Kifuniko kimoja cha soda kwa shimo, kama gramu 5, konzi mbili za samadi iliyooza vizuri, uchanganye na udongo wa shimo hilo tu, kisha upande mche. Samadi ina kazi mbili hapo. Inalisha, na asidi zake laini hukalia zile sehemu za alumini ambazo zingeikamata fosforasi. Kwa maoni yangu hiyo kazi ya pili ndiyo kubwa zaidi mlimani, na ndiyo inayosahauliwa.

Kisha DAP yenyewe ina tabia nyingine. Naitrojeni yake, ile inayokuza majani, ni ya amonia, na bakteria wanapoigeuza kuwa naitreti huachia uchachu udongoni. Mwaka mmoja hutaona kitu. Miaka 20 ya DAP na viazi, viazi na DAP, udongo ambao tayari ulikuwa mchachu kwa mvua unakuwa mkali. Nakushauri msimu ujao uibadilishe na mbolea ya TSP, ambayo ina fosforasi bila amonia, kipimo kile kile cha shimo, na naitrojeni uilete baadaye kwa samadi au mbolea ya naitrojeni ya CAN wiki tatu au nne baada ya miche kushika.

Uchachu wenyewe hupimwa kwa kipimo cha pH. Saba ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni alikali. Kila hatua moja ni mara kumi, hivyo udongo wa pH 5 ni mchachu mara kumi kuliko wa pH 6. Mlimani mvua hunyesha zaidi ya kile jua linachoweza kukausha, maji yanayobaki huteremka chini na kuondoka na kalsiamu na magnesiamu, uchachu ukabaki. Pwani tuko kinyume kabisa. Fanya jaribio hili utakaporudi likizo. Chukua kijiko cha udongo wa uani Lamu, kamulia ndimu juu yake: utatoa povu na kuchachatika, maana matumbawe ni chokaa tupu. Fanya vile vile kwa udongo wa Kinangop, utanyamaza kimya. Jaribio hilo halikwambii uchachu umefika wapi. Linakuonyesha tu kwamba chokaa ambayo kwenu imejaa hadi mimea yenu inakosa chuma na zinki, huko hakuna hata punje.

Pima kwa maabara. Vile vijiti vya kuchomeka ardhini vinavyouzwa mitandaoni mimi sivitegemei hata kidogo, nimeona kimoja kikitoa hesabu tatu katika shimo moja. KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, lina maabara Kabete, Nairobi, na si mbali nawe. Chukua vijiko vya udongo sehemu 10 au 15 za kipande chako, ukizunguka zigizaga, kina cha sentimita 20, uweke ndani ya ndoo safi ya plastiki ambayo haijawahi kubeba mbolea. Changanya, uanike kivulini, peleka nusu kilo. Waombe pH, fosforasi, alumini, na zaidi ya yote uwaulize mahitaji ya chokaa kwa udongo huo. Swali hilo la mwisho watu wengi hawaliulizi, na ndilo linalokuokolea pesa.

Kabla ya maabara, hata hivyo, chimba. Shimo moja, upana wa jembe, kina cha goti. Ningekuwa na nauli ningekuja kulichimba mwenyewe, kwa sababu Kinangop si udongo mmoja. Karibu na msitu, kwenye miinuko, utakuta ule mweusi mwepesi nilioueleza, unaoshuka mweusi hadi chini sana na kugeuka kahawia polepole. Uwandani mambo ni mengine. Utakuta weusi wa kama shibiri moja au mbili, halafu tabaka la kijivu lililofifia kama majivu ya jikoni, halafu ghafla mfinyanzi mgumu ambao jembe linagonga na kurudi. Hiyo ndiyo hali inayofundishwa vyuoni kwa jina la planosoli, na shida yake ni maji. Mvua inateremka hadi kwenye ule mfinyanzi, inasimama juu yake kama maji kwenye sinia, na mizizi inazama. Tazama pia rangi: madoadoa ya kutu na kijivu yaliyochanganyika ni alama kwamba hapo maji husimama miezi kadhaa ya mwaka, hata kama leo pamekauka.

Kisha ujaze shimo hilo maji, yaishe, ujaze tena, na mara hii uhesabu. Yakishuka sentimita mbili hadi tano kwa saa, usihangaike na maji. Yakibaki pale pale hadi magharibi, umelipata jibu kubwa kuliko yote niliyokwisha kuandika, kwa sababu udongo wenye maji ni udongo wenye baridi. Maji yanahitaji joto mara nne au tano zaidi ya udongo mkavu wa uzito ule ule ili yapande nyuzi moja. Jua la Kinangop linamalizia nguvu zake kwenye maji, mizizi isipate kitu.

Dawa yake ni tuta. Inua kitalu sentimita 25 hadi 30, upana wa mita moja, na mfereji kando. Tuta hukauka mapema, hupata jua juu na ubavuni, na udongo wake huwa na joto kuliko ardhi ya bapa. Kama kipande chako kina mteremko, pitisha matuta kukata mteremko, yasishuke nao. Nasisitiza hili kwa uchungu. Hapa Malindi mvua zikinyesha bara, bahari hubadilika kuwa kahawia kuanzia mdomo wa mto Sabaki hadi ufuoni kwetu, na ule ni udongo wa mashamba ya watu uliosafiri mamia ya kilomita. Maji ya upande wenu wa Kinangop Kusini huingia mto Chania, Chania ikaingia Thika, Thika ikaingia Tana, na Tana inamwaga Kipini, jirani kabisa na Lamu. Udongo wako ukikutoka, unaelekea kwenu bila wewe.

Hapo ndipo ninapokataa mchanga. Watu hudhani mfinyanzi ukichanganywa na mchanga kidogo utakuwa tifutifu. Haiwi hivyo. Ungehitaji karibu nusu ya udongo wote iwe mchanga ndipo uone tofauti, na kabla ya kufika hapo unapata kitu kinachokaribia tofali. Mchanga wa pwani una chumvi na makombe, juu ya hayo. Na vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya kisiwa chenu, hapana haja ya gunia hata moja kuondoka pale kwa ajili ya kabichi.

Nyasi zako kavu ziondoe. Najua jinsi hili linavyokuwa gumu kwa mtu wa Lamu. Kwetu matandazo ni uhai: mchanga ulio wazi mchana wa kaskazi huweza kupita nyuzi 45 juu yake, na nyasi au makuti huupoza na kuyazuia maji yasipeperuke. Huko ulipo, yale matandazo mazito yanaizuia ardhi isipate joto mchana, na usiku wa mbingu wazi yanaizuia isitoe joto lake kwa mmea. Umekuwa ukiifunika blanketi ardhi iliyokuwa ikitafuta jua. Miezi ya baridi na manyunyu, Julai na Agosti, acha tuta wazi kabisa. Januari na Februari, jua likiwa kali mchana na ardhi ikianza kukauka, rudisha nyasi nyembamba tu, usiziguse shina. Usiache ule udongo mwepesi mweusi ukauke kabisa, maana ukishakauka hadi kuwa vumbi hukataa kunywa maji tena, na upepo unaubeba.

Miezi hiyo hiyo ya kiangazi ndiyo yenye jalidi, ule umande unaoganda ukauchoma mmea kama maji ya moto. Huja usiku wa nyota nyingi, bila upepo wala mawingu, na baridi yake kali huwa karibu na alfajiri. Hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji na kutuama mabondeni, kwa hiyo miche michanga isiwe sehemu ya chini kabisa ya kiwanja. Mwagilia ardhi mchana wa siku hiyo, maana udongo wenye unyevu kiasi huhifadhi joto la jua na kulitoa usiku, na ufunike miche jioni kwa magunia yaliyoinuliwa kwa vijiti. Hili halipingani na niliyosema juu ya maji kusimama. Unyevu kiasi ni rafiki, maji yaliyotuama ni adui.

Ng'oa kabichi moja, ile iliyodumaa kuliko zote, uoshe mizizi yake. Nakuomba ufanye hivi leo. Mizizi ikiwa mifupi, minene, yenye ncha butu za kahawia na bila nywele, alumini inaiunguza, na pH yako bila shaka iko chini ya 5.5. Ikiwa imevimba mafundo kama tangawizi, huo ni ugonjwa wa mizizi unaopenda udongo mchachu wenye maji. Ukiukuta, kabichi na jamaa zake wote, sukumawiki ikiwamo, visirudi hapo kwa miaka mingi, na mizizi hiyo ichomwe, isiingie kwenye lundo la mboji. Ikiwa mirefu, myeupe na myembamba, basi mizizi ni mizima, tatizo lako ni baridi na fosforasi tu.

Sasa chokaa. Lamu imejengwa kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo, na mjomba wako anaijua nguvu yake. Kwa sifa ya kuondoa uchachu inafaa, tena ni kali kuliko ile ya mawe yaliyosagwa tu. Ukali huo ndio unaonitia hofu mkononi mwa mtu anayeanza. Chokaa iliyochomwa ikazimwa kwa maji, kilo 75 zake hufanya kazi ya kilo 100 za chokaa ya kilimo, yaani hiyo ya mawe yaliyosagwa. Isiyozimwa ni kali zaidi, nayo huunguza ngozi na macho. Gharama ya kuileta kwa mashua na basi ni hasara tupu. Nunua chokaa ya kilimo kwenye duka la pembejeo hapo hapo Njabini au Naivasha.

Kwa pH ya 5 hivi, pendekezo la kawaida la nyanda za juu ni tani moja hadi mbili kwa ekari. Tani moja kwa ekari ni kama gramu 250 kwa mita ya mraba. Kipande chako ni mita za mraba 55 na ushei, kwa hiyo ni kama kilo 14. Anza na hizo iwapo maabara itathibitisha uchachu. Udongo wa majivu ya volkano hubishana sana na chokaa, na pengine utahitaji mara mbili yake, lakini nyongeza iwe mwaka unaofuata, baada ya kupima tena. Ichanganye hadi sentimita 15 chini, miezi miwili kabla ya kupanda, ardhi ikiwa na unyevu. Ukiitia Januari, inakuwa tayari kwa mvua za Machi. Usiichanganye siku moja na samadi mbichi wala mbolea ya amonia, maana naitrojeni itapanda hewani, utainusa ikiondoka. Na ukitenga sehemu ya viazi, hapo punguza au usitie kabisa. Kiazi huvumilia uchachu, na chokaa ikizidi kinapata upele wa ngozi.

Jivu la jikoni pia linafaa huko, konzi mbili tatu kwa mita ya mraba kwa mwaka, si karibu na viazi. Nimewahi kuwaambia watu wa hapa Malindi walitupe jivu mbali na vitalu vyao, na wewe nakwambia ulikusanye. Wapwani wawili wakisikia maneno yangu wanaweza kunidhania nimechanganyikiwa, lakini udongo wa hapa una chokaa ya kuuza, na wenu hauna.

Samadi ya ng'ombe uliyotia, je, ilikuwa imeiva? Huko hununuliwa mbichi mara nyingi, ikafukiwa, ikakaa pale baridi miezi sita bila kutoa chochote, ikivuta sota wanaokata miche. Joto unalolikosa ardhini unaweza kulitengeneza ndani ya lundo. Lundo lisipungue mita moja kila upande, maana dogo halijipashi moto. Panga tabaka la nyasi kavu zile ulizoziondoa, tabaka la samadi, majani mabichi, jivu kidogo, unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Funika kwa karatasi nyeusi ya nailoni, upande unaopata jua, mvua isiingie. Chomeka fimbo hadi katikati. Baada ya wiki, ivute na kuishika: ikiwa ya moto hadi huwezi kuikamata sawasawa, bakteria wako kazini, na katikati ya lundo pamefika nyuzi 55 hata kama nje kuna ukungu. Fimbo ikitoka baridi, geuza lundo, liingize hewa, ongeza samadi. Hapa Malindi mboji yangu huwa tayari kwa wiki nane. Wewe jipe miezi minne hadi sita, na uwe na malundo mawili, moja linaiva na lingine linajengwa.

Panda vitu vya huko. Njegere, karoti, kitunguu saumu, spinachi, viazi, na kabichi na sukumawiki kama mizizi imetoka safi. Njegere zianze kwanza, zinavumilia baridi na zinajitengenezea naitrojeni. Kama udongo wako ni wa mfinyanzi, usilime ukiwa umelowa. Finya bonge, ukiona linang'aa na halivunjiki, rudi ndani usubiri siku mbili.

Bamia ziache, mwanangu. Mbegu yake katika udongo wa chini ya nyuzi 17 hivi hukaa tu hadi ioze, na hakuna samadi itakayoibadilisha. Ukinunua kipimajoto cha udongo, kichomeke sentimita 10 saa mbili asubuhi kwa wiki nzima, uandike, utajionea mwenyewe kwa nini.

Mchicha si wa kukata tamaa kabisa. Tafuta beseni kuukuu au debe, ulitoboe chini, ulijaze nusu mboji iliyoiva na nusu udongo wako, na uliweke juu ya mawe, ubavuni mwa ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Ukuta ule hunyonya joto mchana na kulirudisha jioni. Panda mbegu za bibi yako Januari, jua likiwa wazi, na usiku liingize ndani beseni. Utapata mafungu machache tu. Yachemshe na nazi, na uniandikie majibu ya Kabete yakifika.